Kicheza muziki cha mfukoni: nini kikae ndani ya boksi, nini kiachwe?

#1 Dukani_Msimbazi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Tuna oda ya vicheza muziki vidogo vya mfukoni. Umbo ni lile la kawaida: skrini ya inchi 1.8, vitufe, redio ya FM, Bluetooth, tundu la memori kadi, betri ya ndani ya 500 mAh, mlango wa chaji wa Taipu C, tundu la hedifoni la milimita 3.5. Kiwanda kimetuma orodha ya vikorombwezo tuchague vya kuingia kwenye boksi: hedifoni za waya, kebo, kichwa cha chaja, memori kadi ya GB 16, kadi rida, kava la silikoni, protekta ya kioo, klipu ya mkanda, kamba ya shingoni, kebo ya AUX, karatasi ya maelezo.

Kila unachotia tiki kinapandisha bei, na bei hiyo anailipa mteja. Wateja wetu wengi ni wa Dar, Morogoro na Mbeya, na wapo wanaobeba mzigo kwenda Bujumbura na Lubumbashi. Kipi cha lazima, kipi ni mapambo? Naomba majibu yenye sababu.

#2 Fundi_Mawimbi

Anza na kebo mkuu, na usikubali kebo yoyote tu. Agiza ya USB A (kile kichwa kipana cha zamani) kwenda Taipu C. Ile ya Taipu C pande zote mbili iache.

Sababu iko ndani ya kifaa chenyewe. Kanuni ya USB inataka kifaa kinachopokea umeme kwa Taipu C kiwe na rezista mbili (vijisehemu vya kuzuia umeme) za kilo-omu 5.1, moja kwa kila pini ya CC, yaani pini ya kutambuana na chaja, zote zikishuka ardhi. Chaja ya Taipu C haifungulii umeme mpaka ihisi rezista hizo. Vifaa vingi vya bei ya chini havina, kwa sababu fundi wa bodi alibadilisha tundu la Micro USB akaweka la Taipu C bila kugusa saketi. Ukivichomeka kwa kebo ya C kwa C hakuna kitu, hata taa haiwaki, na mteja anarudi dukani anadai mashine imekufa. Upande wa A hauna mambo hayo, volti 5 ziko pale muda wote.

Sampuli zikifika zijaribu kwa kebo ya C kwa C hata kama huiweki kwenye boksi. Ikikubali, geuza kichwa cha kebo juu chini ujaribu tena. Ikikubali upande mmoja tu, rezista moja haipo. Mwambie kiwanda arekebishe kabla ya kufyatua mzigo wote. Rezista mbili ni senti tu, kurudishiwa bidhaa ndiyo hasara.

La pili kwenye kebo: iwe na waya nne. Zipo za waya mbili, zinachaji tu, kompyuta haioni kifaa, na mteja hawezi kuingiza hata wimbo mmoja. Kwa macho zinafanana kabisa, kwa hiyo pima kwa kuhamisha faili. Urefu uwe mita 1.

#3 Kijana_Data

Hedifoni ziondoke. Zinazotupwa kwenye boksi za vifaa vya bei hii ni takataka: sauti ya kopo, waya unakatika penye pini baada ya muda mfupi, na mteja anakihukumu kicheza muziki kwa kosa la hedifoni. Mwenye kununua kifaa cha kusikiliza muziki ana hedifoni zake tayari, na siku hizi wengi wana za Bluetooth. Pesa hiyo ihamie kwenye memori kadi nzuri.

#4 Bi_Shani

Kijana_Data, hapo kwenye Bluetooth umesahau kwamba kifaa kina FM.

Vifaa hivi havina antena ya redio ndani. Antena ni waya wa hedifoni. Bila waya ukibonyeza FM utapata mvumo tu, na vingine vinagoma kabisa na kuandika kwenye skrini "chomeka hedifoni". Mtu mwenye hedifoni za Bluetooth peke yake hana redio, ataambiwa ina FM na hataisikia. Na kwa wateja aliowataja mkuu Dukani, redio si nyongeza. Taarifa ya habari, mpira, mawaidha, vyote viko huko.

Kwa hesabu: wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, robo yake ni sentimita 75. Waya wa hedifoni wa mita 1.2 unatosha kunasa vizuri. Ule mfupi wa sentimita 50 unaopendwa kwa michezo unanasa vituo vya karibu tu. Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kifaa chenye FM ya kutegemea waya kitoke na waya. Kisicho na FM, hapo nakubaliana nawe, hedifoni ziondoke.

#5 Kijana_Data

La antena nimelipokea dada. Basi kama ni lazima ziwepo, mkuu Dukani aandike vipimo kwenye oda, asiache kiwanda kichague.

Pini iwe ya pete tatu, yaani kushoto, kulia na ardhi. Kiwanda kitataka kukupa ya pete nne yenye kipaza sauti kwa kuwa wanayo mingi ya simu. Kwenye tundu la pete tatu, kuna wakati mguso wa ardhi unatua kwenye pete ya kipaza sauti badala ya ardhi yenyewe. Ardhi ikipotea, masikio yanabaki na tofauti ya kushoto na kulia tu: sauti ya mwimbaji, ambayo huwekwa katikati, inatoweka, vyombo vya pembeni vinabaki kwa mbali. Mteja atasema nyimbo zimeharibika. Kipimo chake ni rahisi: bonyeza na ushikilie kitufe kilicho kwenye waya. Mwimbaji akirudi wakati umebonyeza, tatizo ni pini, kwa sababu kitufe hicho kinaunganisha kipaza sauti na ardhi.

Ukinzani, yaani kiasi hedifoni zinavyozuia umeme, uwe omu 16 hadi 32. Hedifoni za omu 250 za studio haziwezi kusukumwa na kifaa kidogo namna hii, sauti itakuwa hafifu hata ukifika mwisho. Zikiwa za kuziba tundu la sikio, ziwe na vimpira vya saizi tatu. Kimpira kikiwa kidogo kuliko sikio, hewa inapita na besi inakwisha, hata kama spika ndani ni nzuri. Nusu ya malalamiko ya "hazina besi" yanaishia kwenye kimpira.

#6 Mzee_wa_Kaseti

Vijana, mnajadili jambo ambalo makampuni yenyewe yamelizunguka kwa zaidi ya miaka 40.

Walkman ya kwanza ya Sony, mwaka 1979, ilitoka na hedifoni kwa sababu hedifoni nyepesi za kutembea nazo zilikuwa bado ngeni madukani. Bila hizo ungekuwa umenunua kasha la kuzungusha kaseti. Rio PMP300 ya mwaka 1998, yenye MB 32 tu, ilikuja na hedifoni, betri moja ya AA na kiunganishi cha kuchomeka kwenye mlango wa printa wa kompyuta. Kiunganishi hicho hukukipata kwingine, kwa hiyo kukiweka hakukuwa na mjadala.

Halafu tazameni iPod. Ya kwanza, Oktoba 2001, ilikuja na hedifoni, kebo ya FireWire na kichwa cha chaja. Mwaka 2003 Apple walianza kugawa watu kwa mfuko: modeli za GB 15 na GB 30 zilipata stendi na rimoti ya waya, ya GB 10 haikupata. Mwaka 2005, kwenye iPod ya video, kichwa cha chaja kikaondolewa boksini. Hoja ilikuwa kwamba kompyuta inachaji. Kwa mwenye kompyuta mezani, sawa. Kwa asiye nayo, alinunua kifaa kisha akatafuta namna ya kukichaji.

Lakini funzo kubwa ni iPod shuffle ya Machi 2009. Mwili wake haukuwa na vitufe vya sauti wala vya kubadilisha wimbo, vyote viliwekwa kwenye waya wa hedifoni. Ukichomeka hedifoni za kampuni nyingine, muziki unapiga na huna namna ya kupunguza sauti. Hedifoni zilipoharibika, mashine nzima ikawa mateka. Kikorombwezo kikishakuwa ndicho usukani, si kikorombwezo tena, na kampuni inapaswa kukiweka boksini na kukiuza cha akiba kwa bei ya haki. Kizazi kilichofuata, mwaka 2010, vitufe vilirudi mwilini.

Kwa hiyo mimi napima hivi: kitu ambacho mteja hawezi kukipata duka la jirani, kiwemo. Kinachouzwa kila kona, kiachwe, isipokuwa kifaa hakiwezi kufanya kazi siku ya kwanza bila hicho.

#7 Dukani_Msimbazi

Mzee wangu shikamoo, kipimo hicho kimenisaidia sana. Kwa kukifuata, kichwa cha chaja kinatoka kwa sababu kila nyumba kinacho. Au kuna mtu anaona tofauti?

#8 Fundi_Mawimbi

Kitoe, na kuna sababu nzito kuliko bei.

Kiwanda kitakupa kichwa cha pini mbili, bapa au za duara. Tanzania, Kenya na Uganda tundu zetu ni za pini tatu za mraba. Mnajua watu wanafanya nini: wanasukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la ardhi ili milango ya usalama ifunguke, kisha wanachomeka pini mbili chini. Pini haikazi, inacheza, inatoa cheche, tundu linaungua. Hiyo milango iliwekwa kuzuia mtoto asiingize kitu kwenye umeme, na chaja ya bure ndiyo inayofundisha nyumba nzima kuizunguka. Na ukisema uagize ya pini tatu za mraba, mzigo wa Bujumbura na Lubumbashi utakwama, kule wanatumia pini za duara.

Juu ya hapo, kichwa cha chaja kinagusa umeme wa ukutani, volti 230. Cha bei ya chini kabisa kina nafasi finyu kati ya upande wa volti kubwa na upande wa volti 5. Hutaki jina la duka lako juu ya kitu hicho.

Kwenye karatasi andika tu: chaji kwa volti 5, angalau ampea 0.5. Watu wanaogopa chaja kubwa za simu bila sababu. Chaja ya wati 65 inaanza na volti 5 na haipandi mpaka kifaa kiombe, na kicheza muziki hiki hakiombi. Betri ya 500 mAh kwa ampea 0.5 itachukua kati ya saa moja na nusu na mbili kujaa, kwa sababu mwishoni saketi hupunguza mkondo.

#9 Kadi_Ndogo

Nasubiri hapa kwenye memori kadi, kwa sababu ndipo penye matapeli.

GB 16 zinatosha. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 ni karibu MB 10. GB 16 ni kama nyimbo 1,600. Kwa kilobiti 128 ni zaidi ya 4,000. Mwenye FLAC (faili za sauti zisizopunguzwa ubora, kubwa kuliko MP3) atanunua kadi yake, na hao ndio wachache kwa kifaa cha aina hii. Usilipie kasi pia: kupiga MP3 ya 320 kunahitaji KB 40 tu kwa sekunde. Kasi inahitajika wakati wa kunakili, basi.

Unachotakiwa kulipia ni uhalisia. Kadi feki zimechezewa zijitangaze kubwa kuliko zilivyo. Inaandika GB 16, ndani ni GB 4. Zinapokea faili zote bila kelele, zikifika mwisho wa uwezo wa kweli zinaandika juu ya za mwanzo au zinapoteza kabisa. Mteja anaona majina ya nyimbo yapo, akicheza zinaruka. Chukua kadi kadhaa kutoka kila katoni, zijaze zote kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, kisha ziache zisome tena. Kadi ya GB 16 kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde inachukua karibu dakika 27 kuandika, halafu muda wa kusoma. Ni kazi, lakini ifanyike.

Fomati, yaani namna kadi inavyopanga faili, iwe FAT32. Kadi hadi GB 32 huja hivyo kutoka kiwandani, za GB 64 na kuendelea huja na exFAT, ambayo vicheza vingi vidogo havisomi. Mteja akiweka ya GB 64 akaambiwa "hakuna kadi", si lazima kadi iwe mbovu. Aifomati kwa FAT32. Chombo cha Windows cha kawaida kwa miaka mingi kimekataa kufanya hivyo juu ya GB 32, kwa hiyo atumie programu ya pembeni kama Rufus.

#10 Bi_Shani

Kadi_Ndogo, ongezea na mpangilio wa nyimbo, maana swali hilo haliishi. Vifaa vingi vya bei hii havipangi kwa herufi. Vinapiga kwa mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye jedwali la FAT, yaani orodha ya faili ndani ya kadi. Mtu ameandika 01, 02, 03 mbele ya kila jina la qaswida au mhadhara, bado zinapigwa ovyo. Dawa ni kunakili faili moja baada ya nyingine kwa mpangilio unaoutaka, au kutumia programu ya kupanga jedwali kama FATSort. Na nyimbo zilizoingizwa kwa Mac zinaacha vifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini, ambavyo kifaa kinaviona kama nyimbo mbovu. Vifutwe.

Halafu kadi rida. Wengi wa wateja hao hawana kompyuta, wana simu. Mkuu Dukani, angalia kama kiwanda kina kadi rida yenye vichwa viwili, USB A upande mmoja na Taipu C upande wa pili. Hiyo inamruhusu mtu kutoa kadi, kuichomeka kwenye simu yake na kunakili mwenyewe, na pia akienda kibandani kuingiziwa nyimbo inakubali kwenye kompyuta yao. Ukinilazimisha nichague kimoja kati ya kava, protekta, kamba na kadi rida, nachukua kadi rida bila kufikiri.

#11 Kijana_Data

Naunga mkono kadi rida. AUX ifutwe, waya wa pini 3.5 kwa pini 3.5 unauzwa kila kona, na wenye spika za Bluetooth hawauhitaji.

#12 Mzee_wa_Kaseti

Kava na klipu nisemeeni kidogo, kwa sababu mmevipita haraka.

Hivyo ndivyo vitu vya umbo. Kava la simu maarufu liko kila meza ya Kariakoo, kava la kicheza muziki kisicho na jina haliko popote. Likikosekana boksini halipatikani tena maisha. Kwa hiyo, kwa kipimo nilichotoa juu, kava linaingia na kichwa cha chaja kinatoka, ijapokuwa watu wengi wangedhani kinyume chake. Liwe la silikoni nene ya milimita 1 hivi, na hakikisheni vitufe vinabonyezeka likiwa limevaliwa na kichwa cha kebo kinaingia bila kulivua. Sampuli nyingi zinafeli hapo kwenye kebo: shimo limekatwa kwa kipimo cha tundu, si kwa kipimo cha plastiki ya kichwa cha kebo.

Klipu ya mkanda iwe sehemu ya kava au ya mwili, na iwe na chuma kwenye kiungo. Ya plastiki tupu inakatika penye bawaba. Kamba ya shingoni iacheni. Uzito wote unaning'inia kwenye kitundu cha plastiki, na ikinasa kwenye kitu inakuwa hatari kwa mtoto.

Protekta ibandikwe kiwandani kwenye chumba kisicho na vumbi, isiwekwe kando ya boksi. Iliyowekwa kando itabandikwa na mteja ikiwa na mapovu.

#13 Kadi_Ndogo

Mzee wangu nakubali yote. Niongeze tu kwa atakayepita hapa akitafuta vicheza vya kuogelea: kipimo ni kilekile ila kinakaza zaidi. Bluetooth haipenyi majini, kwa hiyo nyimbo lazima ziwe ndani ya kifaa. Vingi vinachajiwa kwa kibebeo cha umbo lake pekee, si kwa tundu la kawaida. Kibebeo kikipotea kifaa kimekwisha. Hakikisha kinauzwa peke yake kabla hujanunua. Na vimpira vya kuogelea vyenye utando mwembamba juu ya tundu viwepo pamoja na vya kawaida. Vya utando vinazuia maji, nje ya maji sauti inakuwa ya kufunikwa.

#14 Dukani_Msimbazi

Nimewaandikia kiwanda: kebo ya A kwenda C ya waya nne mita 1, hedifoni za pete tatu omu 32 waya mita 1.2 na vimpira vitatu, kadi ya GB 16, kadi rida ya vichwa viwili, kava lenye klipu, protekta ya kubandikwa. Kichwa cha chaja, kamba na AUX nimefuta. Imebaki karatasi ya maelezo. Wao wameandaa ya lugha nane, maandishi madogo kama sisimizi, Kiswahili hakimo.

#15 Bi_Shani

Karatasi hiyo ikatae, utoe yako ya Kiswahili ukurasa mmoja, herufi zinazosomeka. Iseme kwa uchache: namna ya kuwasha na kufunga vitufe, maana watu hurudisha vifaa vilivyofungwa vitufe tu. FM inahitaji waya. Kadi iingizwe ikiwa kifaa kimezimwa. Aina za faili zinazokubalika. Betri isiachwe tupu miezi mingi, kama hakitumiki ichajiwe hadi nusu hivi na irudiwe kila baada ya miezi michache. Ikivimba iache kuchajiwa. Sauti isipandishwe juu kwa muda mrefu. Kanuni ya Ulaya inataka vicheza vya namna hii visimame kwenye desibeli 85 kwanza na mtumiaji akubali onyo ndipo avuke. Uliza kiwanda kama programu ya kifaa chako ina onyo hilo, na liandikwe Kiswahili.

#16 Fundi_Mawimbi

Na tundu la riseti, la kukiwasha kifaa upya. Programu ya ndani ikiganda, kifaa chenye betri ya ndani huwezi kukitoa betri. Ama kiwe na kitundu cha kuchoma kwa sindano, ama kitufe cha kuwasha kikishikiliwa sekunde 10 kizime kwa nguvu. Uliza ni kipi, uandike kwenye karatasi. Kama ni kitundu, weka kipini kama kile cha kutolea laini ya simu, na kwenye mchoro onyesha wazi kitundu cha riseti na kitundu cha kipaza sauti cha kurekodia. Viko jirani na vinafanana, na anayechoma cha kipaza sauti anakitoboa.

#17 Dukani_Msimbazi

Wamejibu sasa hivi, ni kitundu, na kipaza sauti kiko milimita 6 pembeni yake. Nimewaomba wachape duara jekundu kuzunguka kile cha riseti mwilini, na kipini kiingie kwenye boksi. Sampuli zikifika nitaanza na kebo ya C kwa C, pande zote mbili, kisha kadi kwenye F3, na majibu nitayaweka hapahapa.